Mpunga wa Bondeni, Mpunga wa Mlimani: Shajara ya Kilembwe

23 Januari 2023

Tumemaliza kupanda. Bondeni, chini ya mfereji, familia zote za mpunga ninazozichuja zimeingia ardhini asubuhi. Mlimani, kwenye shamba la baba mdogo, tumemaliza jua likiwa limeelekea magharibi, upande wa Maniema. Mbegu ni ile ile, kutoka vifuko vile vile, na nafasi kati ya shimo na shimo ni moja. Tofauti niliyoiacha ni maji. Bondeni yapo ya mfereji. Mlimani ni yale yanayoshuka kutoka mawinguni, na mvua yetu tunaijua: Machi na Aprili inajaza mito, Mei inaanza kusuasua, Juni imekwisha.

Vijana waliokuja kuchimba mashimo waliuliza kwa nini ninapeleka mbegu nzuri mlimani wakati bonde lipo. Nimewajibu kwamba mama zao hawalimi bondeni. Bonde letu ni dogo na lina wenyewe. Nyumba nyingi hapa Lulenge, upande wetu huu wa Kongo, zinapanda mpunga kwenye miteremko, kando ya mihogo na mahindi, zikingoja mvua. Mbegu ninayoichagua kwenye tope na kuisifu kwa uzito itakwenda kuishi mahali pengine kabisa.

Msimu uliopita mama mwenye mashini ya kukoboa aliniita pembeni. "Agronomu," akasema, "mpunga wenu unajaza gunia vizuri, sikatai. Lakini ule uliotoka mlimani, mashini inautafuna. Mtu analeta mpunga, anarudi na chenga, halafu ananigombeza mimi." Niliomba kiganja cha ule mchele, nikautandaza nyumbani juu ya kioo, tochi chini yake. Punje nyingi zilikuwa na doa jeupe tumboni, mwanga haukupita. Zile za bondeni, za familia hiyo hiyo, zilipitisha mwanga toka ncha hadi ncha. Baba mmoja, mama mmoja, na mchele wa aina mbili.

2 Februari

Imeota pande zote mbili.

Nimekaa jioni na mzee mmoja ambaye bado ana mpunga wa wazee, ule mrefu wenye majani mapana, unaonukia ukiwa bado jikoni. Huo ndio mama wa familia zangu. Baba yao ni mbegu iliyovuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma: Watanzania wanaiita SARO 5, jina lake la kituoni ni TXD 306, ilitolewa Ifakara mwaka 2002. Ni fupi, inazaa sana, ina harufu kiasi, na inapenda maji. Niliwaunganisha kwa mikono yangu. Jioni unakata vichwa vya maganda na kutoa stameni zote sita kwa kibano kabla hazijapasuka, unavalisha suke mfuko wa karatasi, na asubuhi yake unakung'uta chavua ya baba. Wajukuu wa ndoa ile ndio niliopanda sasa, kizazi cha tano. Kila familia imeanza kufanana ndani yake.

Mzee anasema mpunga wake ulitoka kwa babu yake, na babu aliupata kwa "watu wa Kabambare". Ninaamini. Karne ya 19 misafara ilivuka ziwa kutoka Ujiji ikashukia Mtowa, ikaenda Kabambare, Kasongo, hadi Nyangwe, na mpunga ukaenda nayo mpaka ukawa chakula cha Maniema. Kiswahili tunachosema na wali tunaokula vimetufikia kwa njia moja.

Baadaye wakaja Wabelgiji na kituo cha Yangambi, chini ya INEAC iliyoanzishwa mwaka 1933. Mpunga wa mlimani wa Yangambi ulitembea mbali: R 66 ilienea Kongo, na OS 6 ilifika Nigeria, ikaandikishwa huko kwa jina la FARO 11. Kazi kubwa, na wengi wa hapa hawajui kwamba nchi yao iliwahi kutoa mbegu kwa wengine. Lakini Yangambi ni msituni, mvua inakuja karibu mwaka mzima. Sisi tuna kiangazi kinachofunga mlango kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba. Kuhimili mvua ya Yangambi na kuhimili Mei ya Lulenge ni mitihani miwili.

Pembeni nimepanda NERICA 4 iwe kipimo. Ilizaliwa Afrika Magharibi, katika kituo kilichoitwa WARDA wakati ule, kutoka kwa mpunga wa Kiafrika CG 14 na ule wa Kiasia WAB 56-104. Monty Jones wa Sierra Leone aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2004. Inakomaa mapema. Nataka kuona kama kuwahi kunatosha.

19 Februari

Palizi ya kwanza. Siku kadhaa bila mvua, majani ya mlimani yanajikunja saa sita na kufunguka jioni. Sina hofu. Kiu ya wakati huu inapunguza machipukizi, mchele wenyewe bado uko mbali.

26 Machi

NERICA 4 ina mimba tayari, juu na chini. Nimepasua shina moja kwa wembe: suke changa limejikunja ndani, maganda yake bado laini.

Hapa ndipo ukubwa wa punje unapoamuliwa. Ganda linakua na kufika mwisho kabla ua halijafunguka, na baada ya hapo punje haiwezi kuvuka ganda lake. Ni mtoto aliyeshonewa shati kabla ya kuzaliwa: anaweza kulijaza au kupwaya ndani yake, lakini hawezi kulipasua. Mpunga ukikosa maji wakati wa mimba, maganda yanakuwa madogo na mengine yanabaki matupu.

Lakini kwetu mimba kwa kawaida huikuta mvua bado ipo, ndiyo sababu urefu wa punje ni tabia iliyotulia. Nimepima punje za familia moja zilizobaki msimu uliopita, za bondeni na za mlimani, na urefu unakaribiana sana. Weupe wa tumbo haukaribiani hata kidogo. Wala kuvunjika. Anayechagua mbegu kwa urefu wa punje anachagua kitu ambacho maji hayakigusi sana, na anakiacha nje ya hesabu kile ambacho maji yanakiharibu. Sokoni wanatazama urefu kwanza kwa sababu unaonekana. Mama wa mashini anaona mengine.

16 Aprili

NERICA 4 imechanua wiki iliyopita na sasa inajaza. Mvua ni nzuri. Nikibana punje kwa kucha, maziwa yanatoka.

Nimekaa leo na vijana wa ushirika tukafungua punje za umri mbalimbali, na nataka kuandika nilivyowaeleza, maana nilijieleza mwenyewe pia. Suke halifungui maua yote kwa siku moja. Linaanza nchani na kushuka, karibu wiki nzima. Punje za juu zinatangulia kula, zile za vitawi vidogo vya chini zinakula mwisho. Kutoka ua hadi kukomaa, katika joto letu, ni kama siku 30. Katika siku hizo sukari inatoka majanini, na ile iliyowekwa akiba kwenye shina inapanda juu, na ndani ya punje inageuzwa wanga. Chembe za wanga zikibanana vizuri, mwanga unapita.

Maji yakikatika, jani linafunga vitundu vyake ili lisikauke. Likifunga, haliingizi hewa ya kutengeneza sukari. Mmea unazeeka haraka, unafupisha siku za kulisha. Chembe za wanga zinabaki zimeachana, na hewa inakaa kati yake. Weupe tunaouona tumboni mwa punje ni hewa hiyo: mwanga unaingia, unatawanyika, hautokei upande wa pili. Sehemu hiyo ni laini, na ndipo punje inapokatikia mashini inapoibana.

Kijana mmoja akauliza: basi kwa nini kwenye suke moja kuna punje safi na punje nyeupe? Swali zuri kuliko yote ya leo. Kwa sababu zile za ncha zilishiba kabla maji hayajakwisha. Za chini zilifika mezani wakati chakula kinaondolewa.

Joto nalo linafanya kazi hiyo hiyo, hasa usiku wa joto. Mlimani kiu na joto vinakuja pamoja, na kwa shamba langu siwezi kuvitenganisha. Ninaliandika hili ili nisije nikaubebesha ukame lawama yote.

29 Aprili

Siku nzima kwenye mfereji. Wenye bwawa la samaki juu yetu wanataka maji yasikatike kwao. Wa chini tunataka zamu. Mwaka jana maneno kama haya yalifika kwa chefu na watu wakaacha kusalimiana.

Safari hii nimeenda na mianzi. Nimetoboa matundu mianzi mifupi, nikaichimbia kwenye majaruba, ndani yake wazi, ili kila mtu achungulie maji yaliko chini ya udongo. Watafiti wa IRRI, kituo cha mpunga cha Ufilipino, wanafundisha kwamba maji yanaweza kushuka mpaka sentimita 15 chini ya uso wa udongo kabla ya kumwagilia tena, na mavuno yasipungue, kwa sababu mizizi bado inayafikia. Isipokuwa wakati wa maua: wiki moja kabla na wiki moja baada, maji yakae juu, kama sentimita 5.

Nikamwambia mzee wa bwawa: "Papa, hatuombi maji ya kila siku. Tupeni majuma yale ya maua na kujaza. Siku nyingine kaeni nayo. Na siku kumi au kumi na nne kabla ya kuvuna tutayafunga wenyewe, yabaki kwa samaki wenu."

Alichungulia mwanzi kwa muda mrefu. Akawaita wanawe wachungulie. "Kumbe maji yapo na sisi tunasema yameisha," akasema. Tumekubaliana mbele ya watu. Nina furaha sana leo. Mpunga unahitaji maji kwa kalenda yake, na kalenda hiyo ikijulikana watu wanaweza kugawana bila kuumizana.

9 Mei

Familia zimechanua, mlimani siku chache nyuma ya bondeni. Kiu kidogo huchelewesha maua, na mbegu inayochelewa sana mara nyingi ndiyo inayoumia zaidi. Nimefunga uzi mwekundu kwenye zile zilizochanua karibu pamoja juu na chini.

Mvua ya mwisho ya maana ilinyesha kabla ya Jumapili.

13 Mei

NERICA 4 imevunwa. Mlimani imejaa vizuri, mapepe machache, imekula mvua yote ya Aprili. Imeukimbia ukame, haikuushinda. Ni akili pia.

Tabu yake imekuja mwishoni: imekomaa wakati manyunyu bado yapo, na kukausha kumekuwa vita. Sina kipimo cha unyevu, natumia chupa na chumvi. Chumvi kavu na mpunga ndani ya chupa kavu, unatikisa, unaacha kidogo. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mpunga bado una maji mengi kuliko asilimia 15 na haufai kuwekwa. Imegandama. Tumeutandaza tena kwenye shitingi, na kila wingu likija tunakimbia.

21 Mei

Mlimani kavu. Saa nne asubuhi majani yameshajikunja kwenye familia nyingi. Nimepita mstari kwa mstari tangu alfajiri.

Familia ya tisa, iliyoshinda zote bondeni misimu miwili, ile ambayo ushirika ulikuwa umeanza kuipa jina, leo imesimama na masuke meupe yaliyotazama juu. Suke lililoshiba huinama. Ya nne ni ya kawaida bondeni, hakuna aliyewahi kuiuliza. Hapa juu majani yake yamefunguka mpaka karibu saa sita, na masuke yameanza kuinama. Nimechimba kandokando: mizizi ya nne ni minene na imeshuka, ya tisa imetawanyika juu juu, mizizi ya kiumbe aliyezoea tope. Ya nne imerithi kwa mpunga wa wazee, ya tisa kwa baba aliyevuka ziwa.

Kwa miaka mingi watafiti wa mbegu duniani walichagua kwenye maji ya kutosha, wakisema shamba la ukame linadanganya, leo linapandisha huyu, kesho yule. Kisha IRRI na Wahindi wakajaribu kuchagua moja kwa moja kwenye ukame, kwa kupima mavuno pale pale penye kiu, na ikawezekana. Sahbhagi Dhan iliyotolewa India mwaka 2010 ni tunda la kazi hiyo. Ninawashukuru watu hao ambao sitawaona. Ninachotaka kuongeza kwenye kipande changu kidogo ni kwamba kilo pekee hazitoshi hata kwenye ukame. Mpunga unaweza kutoa kilo mlimani na bado ukavunjika wote mashinini. Mbegu ihukumiwe kwa wiki yake mbaya ya maji, na hukumu iendelee mpaka kwenye sufuria.

3 Juni

Jioni, upepo ukitoka mlimani, harufu ya mpunga ni kali kuliko ya bondeni. Nimemwita mke wangu athibitishe, nisije nikawa ninaisikia kwa sababu ninaitamani. Amethibitisha.

Haishangazi sana. Harufu ya mchele inatoka hasa kwa kitu kimoja ambacho wanakemia hukifupisha 2AP. Kuwa nacho au kukikosa ni jambo la urithi, jeni moja kwenye kromosomu ya nane, lakini kiasi chake kinafuata maisha ya mmea. Mmea wenye kiu hujikusanyia prolini ili ujilinde, na prolini ni mojawapo ya malighafi za harufu hiyo. Mchele wa Thailand unaosifiwa duniani, Khao Dawk Mali 105, ulioandikishwa mwaka 1959, sifa yake kubwa inatoka uwanda wa Thung Kula Ronghai, ardhi ya chumvi na ukame. Bibi zetu wanasema wali wa mlimani ndio wenye harufu ya wali. Wana haki.

Kwa hiyo kiu inatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Mchele wa mlimani unanukia, na unavunjika. Kama nitapata familia inayobaki nzima kwenye kiu, harufu itakuja nayo bila mimi kuitafuta.

8 Juni

Mvua usiku. Hakuna aliyeitarajia. Haikuwa kubwa, dakika chache, lakini mpunga wa mlimani ulikuwa umekomaa na kukaukia shambani.

Nimevuna leo yote, na watu wa nyumbani wote, hata shemeji aliyekuja kusalimia tu. Punje iliyokauka chini ya kama asilimia 15 ikinyeshewa inakunywa maji kwa nje haraka, nje inavimba, ndani bado pakavu, na inapasuka katikati bila ganda kuonyesha lolote. Huwezi kujua mpaka ukoboe. Kwa hiyo kwenye msimu mmoja maji yanaharibu mchele mara mbili: yanapokosekana punje ikijaza, na yanaporudi punje ikishakauka. Wakulima wetu wanaacha mpunga usimame mpaka uwe mkavu kabisa ili kupunguza kazi ya kuanika, na hapo ndipo nusu ya chenga inapozaliwa. Ningependa wavune mapema, punje za chini ya suke zikiwa bado na ukijani kidogo, unyevu kama asilimia 20 hadi 24, kisha waanike taratibu mpaka 14. Nitalisema kanisani, nitalisema sokoni. Halihitaji mbegu mpya wala franga.

11 Juni

Kuanika. Saa sita mchana tunakusanya mpunga kivulini, kwa sababu jua la ghafla nalo linapasua. Saa tisa tunautandaza tena. Watoto wanafukuza kuku.

20 Juni

Siku ya mashini. Mama amenifungulia asubuhi kabla ya wateja, amesafisha mashini mwenyewe, amekataa malipo. Kila familia imepita mara mbili, ya juu na ya chini, uzito sawa. Tumepepeta, tumechekecha, tumetenga nzima na chenga. Alikuwa anaangalia mikono yangu kuliko nilivyokuwa naiangalia mimi.

Ya tisa: bondeni mchele mzuri, mrefu, unaong'aa. Mlimani, zaidi ya nusu ni chenga. Mama akatikisa kichwa: "Ndiyo huu. Ndiyo ule wa mwaka jana."

Ya nne: bondeni nzuri bila kushangaza. Mlimani imepungua, lakini nzima zimeishinda chenga waziwazi, pamoja na ile mvua ya usiku. Juu ya kioo, madoa meupe yapo kwenye punje ndogo za chini ya suke, punje za juu ni safi. Kuna nyingine mbili zinazoifuata kwa karibu, ya kumi na moja na ya pili.

NERICA 4 haikuwa na madoa mengi, lakini imevunjika kuliko nilivyodhani. Nadhani ni yale manyunyu na kuanikwa mara kwa mara, unyevu kurudi kila jioni. Imekimbia kiu ikaangukia kwenye mvua.

Mama akauliza kama chenga inaweza kuokolewa. Nikamweleza kwamba Afrika Magharibi wengi wanaloweka mpunga na kuupitisha kwenye mvuke ukiwa na ganda, wanga unayeyuka na kuziba nyufa, kisha wanaanika na kukoboa, na punje zinatoka nzima hata zile zilizokuwa zimepasuka. Rangi inageuka ya manjano kidogo na harufu inapungua. Akafikiri. "Wanunuzi wa Misisi wataikataa rangi," akasema, "lakini kwa nyumbani tungejaribu." Hatuna kuni za kuchezea hapa, lakini wazo lake nimeliandika.

24 Juni

Mapishi, nyumbani kwa mwenyekiti wa akina mama wa ushirika. Sufuria zinazolingana, maji yaliyopimwa, sahani zikiwa na alama za maharagwe chini, bila majina. Sombe na ndagala pembeni, kwa sababu wali hauliwi mtupu na sitaki hukumu ya wali mtupu.

Maabara zina njia zao. Wanapima amilosi, aina ya wanga, kwa rangi ya buluu ya iodini. Wanaloweka punje kwenye potasi ya asilimia 1.7 kwa saa 23 waone zinavyoyeyuka, wajue zinahitaji moto kiasi gani. Ningefurahi kuwa na hizo. Akina mama wana vidole na miaka.

Wali wa ya tisa wa mlimani waliutambua mara moja. Punje nyeupe zilipasuka ndani ya maji na kuutoa uji, wali ukashikana, huku nyingine zikibaki na kiini kigumu. "Huu umepikwa na watu wawili," mmoja akasema, na hakuna aliyembishia. Wa nne, wa mlimani, waliusogeza karibu yao. Mama mzee kuliko wote akaunusa kabla ya kula, akafumba macho, akauliza nani amempa mpunga wa baba yake.

Tulibakiza kidogo mpaka asubuhi, kwa sababu hapa wali unaobaki ndio chai ya mtoto wa shule. SARO 5 ya bondeni, tuliyoipika pia, iliamka ngumu. Ya nne ililala laini. Nimesoma kwamba kiu huongeza protini ya punje, na kwamba amilosi inaweza kupanda au kushuka kulingana na mbegu na joto, kwa hiyo siwezi kusema kwa vidole vya watu ni kipi kimefanya nini. Nasema tu walichosema: wa nne unalika baridi.

29 Juni

Mkutano wa ushirika. Wengine wameumia kwa ajili ya ya tisa, nami naelewa, tumeilea pamoja. Nimependekeza isitupwe: iende kwa wenye majaruba kwenye mfereji, kwa sharti wasiifikishe mlimani wala wasimpe mtu wa mlimani bila kumwambia. Mama wa mashini alisimama akasema ataikataa mashinini ikija na udongo mwekundu. Wamecheka, lakini wameandika kwenye daftari la ushirika kama kanuni.

Ya nne, ya kumi na moja na ya pili zinaendelea. Kila moja itapandwa na nyumba tatu za mlimani, kila nyumba mteremko wake, pamoja na mpunga wao wa siku zote kando yake. Mbegu tumeichagua leo kwa maji ya chumvi, chumvi ikiongezwa mpaka yai linaelea: punje zilizozama tumezisuuza na kuzianika, zilizoelea zimekwenda kwa kuku. Hatujachukua mbegu ya bondeni hata kwa ya nne. Imetoka kwenye masuke ya mlimani yaliyoinama katika Mei hii.

Msimu ujao nataka kuoanisha ya nne na NERICA 4, nipate watoto wanaowahi na wenye mizizi mirefu. Hawachanui pamoja, mwaka huu walipishana mwezi mzima. Nimehesabu kalenda na baba mdogo. Ya nne itaingia ardhini Januari, mvua ikikubali, na NERICA 4 itapandwa kwa mafungu matatu kuanzia katikati ya Februari, wiki moja kati ya fungu na fungu, ili mojawapo liwe na chavua siku ambayo familia ya nne itafungua maua. Shamba la mafungu ni lile la juu kabisa, karibu na njia ya Lubondja, ambako mfereji haufiki.